Mzee Chanzi Alipoomba Kumtumia Baba

Juzi nimemwona Mzee Chanzi akifungua geti. Nilikuwa nimekaa kwenye hoteli moja pale Mikumi, kando ya barabara kuu, nasubiri wali maharage, na kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya friji walikuwa wanarudia muvi ya zamani, zile za enzi za CD, ambazo sauti inapanda na kushuka kama mtu anakimbia na redio. Gari jeupe likapiga honi. Mzee mmoja akatoka kwenye kibanda, akakaza mkanda, akalisogelea geti kama anamsogelea ng'ombe asiyemwamini, akalifungua, akapiga saluti ya kiwiko kilichopinda. Basi. Gari likaingia, yeye hakuonekana tena. Dereva wa lori aliyekaa meza ya pili akacheka, akasema, "Huyu mzee fundi bwana!" halafu akarudi kwenye samaki wake. Mimi nikashindwa kula. Mzee Chanzi amekwishakufa, na hata alipokuwa hai saluti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mlinzi wa ghala la mkonge ambaye alikufa mimi sijazaliwa.

Nimerudi nyumbani Kilosa na nataka kuyaandika haya yote sasa hivi, yakiwa bado ya moto, kwa sababu najijua, nikiacha jambo likae naanza kulipamba. Na wewe wa rika langu uliyekulia huku utanielewa haraka. Ulikaa kwenye mabenchi ya banda la video. Ulimwona. Ila labda hukujua alikuwa anafanyaje kazi yake, wala alichokuja kuomba nyumbani kwetu.

Nianze na baba. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, wale wanaokagua njia kwa miguu, nyundo begani. Kama hujawahi kutembea juu ya mataruma ya reli, nikwambie tu kwamba hayalingani na hatua ya binadamu. Ukikanyaga moja moja unadundadunda kama shomoro, ukiruka moja unachana suruali. Kwa hiyo kila mtu wa reli anajitengenezea mwendo wake, na baba alikuwa na wake: fupi, fupi, ndefu. Aliuzoea mpaka akawa anautembeza barabarani, sokoni, na hata uani kwetu ambako hakuna reli wala taruma. Alivaa koti la kaki na kofia aliyoisukuma nyuma. Hakuwa anapiga hodi kwake. Alikohoa mara mbili kwenye kona ya nyumba, kisha akasema, "Haya, wenyewe mpo?"

Aliugua kidogo tu akafa. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza.

Kwa upande wa baba sisi ni Wanyamwezi. Babu alikuja kukata mkonge, akaoa, akazeeka, hakurudi tena kwao. Na Mnyamwezi akifa huku, Wasagara wanakuja, maana ni watani zetu tangu enzi za misafara. Mtani ana haki zake msibani, hata mfiwa hawezi kumfukuza. Siku ya kuzika baba, jeneza lilipotoka tu mlangoni, wazee watatu wa Kisagara wakajilaza chini kuziba njia. Aliyelala katikati alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, anapiga kelele kuliko wote.

"Hapiti mtu! Babu zake walibeba mizigo mpaka pwani, leo huyu anataka kubebwa! Nani kawaambia Mnyamwezi anabebwa?"

"Mwamsheni atembee mwenyewe!" akadakia mwenzake.

"Mvivu tu huyo, mzigo umemshinda katua!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mimi nilikuwa kwenye mapaja ya mama mdogo, yule mdogo wake mama anayeishi Mikumi, na nilihisi tumbo lake linatikisika kwa kicheko mgongoni kwangu wakati machozi yake yananidondokea kichwani. Nilichanganyikiwa. Niliambiwa leo ni siku mbaya.

Watu waliporudi kutoka makaburini wakakaa, chakula kikaanza kupakuliwa. Ndipo nikasikia kikohozi cha baba. Mara mbili, kwenye kona ya nyumba.

Akatokea. Koti la kaki la baba. Kofia ya baba, imesukumwa nyuma. Fupi, fupi, ndefu. Akasimama katikati ya watu, akapandisha suruali, akachungulia masufuria.

"Haya, wenyewe mpo? Nani kafa hapa mbona mmepika nyama? Mimi nikiwa hai mlikuwa mnanilisha mchicha!"

Ua mzima ukalipuka. Mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Wafanyakazi wenzake baba wakawa wanajipiga mapaja, "Ndiye! Jamani ndiye kabisa!" Na mimi nikachomoka mapajani kwa mama mdogo, nikakimbia, nikamkumbatia miguu.

Alinuka ugoro. Baba hakuwahi kunuka ugoro. Nikainua uso nikaona meno ambayo siyo ya baba na masikio ambayo siyo ya baba. Lakini akainama, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yangu mwenyewe, ile ya chini ya jioni. "Kabula. Umekula?"

"Bado."

"Kale basi, mwanangu."

Nikasikia ukelele mmoja mfupi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemdondoka begani. Hakuwa anacheka kama wenzake. Akageuka akaingia ndani na hakutoka mpaka watani walipoondoka.

Sasa naomba unielewe, sikuwa mjinga kiasi cha kufikiri kwamba yule mzee ni baba. Nilijua ni Mzee Chanzi, Msagara wa ng'ambo ya mto. Nilichofikiri ni kwamba baba ameingia humo kujisitiri kwa muda, kama mtu anavyojibanza kwenye baraza la jirani mvua ikimkuta njiani. Yumo. Amenisemesha. Ameniuliza kama nimekula. Kwa hiyo ilikuwa ni suala la kusubiri tu atoke tena.

Na banda la video ndilo lililonithibitishia. Nilipoanza shule nilikuwa na rafiki anaitwa Zena, mkubwa kwangu kidogo, mjuaji wa kila kitu. Siku moja Jumamosi mchana tukaingia bandani nyuma ya soko, madirisha yamezibwa kwa turubai, joto kama ndani ya tanuri. Katikati ya muvi akatokea dalali wa nyumba, mzee, analamba kidole kabla ya kufunua kila karatasi. Banda zima likapiga yowe.

"Aaa! Karani wa stesheni!"

"Mtazame anavyolamba! Marehemu karani huyo!"

"Pumzika kwa amani mzee wetu, umepata kazi mjini!"

Hakuna aliyesema "Mzee Chanzi". Walikuwa wanamsalimia karani, mtu aliyekwisha kuzikwa. Zena akaniinamia sikioni, "Wafu wote wa Kilosa wamo ndani ya yule mzee. Anawatoa kwa zamu."

"Na baba yangu?"

"Zamu yake bado."

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kusubiri zamu. Kila muvi mpya iliyosemekana ina Mzee Chanzi, nilikuwepo benchi la mbele. Akatoka mwalimu mkali wa zamani, akiwa mwenyekiti wa kijiji. Akatoka mama mmoja muuza pombe, ndiyo, mwanamke, amepewa mwili wa mlevi wa kiume lakini mikono yake ile ile ya kupima kwa kibuyu. Dakika moja, dakika mbili, halafu muvi inaendelea na mambo ya mapenzi na magari. Jina lake halikuwahi kuandikwa mwishoni. Aliishia kwenye "na wengine wengi". Watu walitoka wakifuta jasho na kusema wamemwona fulani, na mimi nilitoka nikiwa sijamwona wangu.

Baadaye, nilipokuwa mkubwa, niliwauliza watu historia yake nikaipata vipande vipande. Alianza na kikundi cha maigizo cha shambani, enzi mkonge una watu. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya madebe. Wakazunguka na lori, wakaigiza habari za vyoo na malaria huko Malolo na Berega, na kule Msowero wakaigiza ugomvi wa wakulima na wafugaji. Huko alitoka mzee wa kifugaji aliyesimama kwa mguu mmoja, na vijana wa wafugaji wakanyamaza kimya kwa sababu walimtambua babu yao. Hakuwa amemwiba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: siku ya msiba alimtoa marehemu kwa haki ya utani, lakini ili amtumie jukwaani au kwenye muvi alikwenda kwanza nyumbani kwa wenye mtu, anakaa, anaomba. Na wenye mtu ndio walikuwa wanamnyoosha. Mjane wa yule karani mpaka leo anasimulia.

"Nilimwambia, Chanzi, hicho kikohozi cha mbuzi. Mume wangu alikohoa kama mtu msomi. Nikamkohosha pale sebuleni mpaka akapatia."

Karibu wote walikubali. Nafikiri walipenda. Kaburi linaota nyasi, picha inafifia, lakini huku mtu wako anatembea.

Basi siku ikafika akaja kwetu. Ilikuwa jioni jua bado lipo, mama anachambua mchele kwenye ungo mlangoni. Nikamwona anakuja. Amevaa shati safi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," mama akasema bila kusimama. "Shikamoo."

"Marahaba, Mama Kabula."

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba, Mnyamwezi. Hawajakuiba bado?"

"Nani aniibe?"

"Kweli. Ulafi huo, mwizi atafilisika wiki ya kwanza."

Nikacheka. Mama hakucheka. Alimsogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kutupa mawe ya mchele. Mzee Chanzi akakaa, akatoa ugoro, akabadili mawazo akaurudisha mfukoni.

"Nimekuja kwa heshima."

"Nakusikiliza."

"Nimepata kazi. Watu wa Dar, wanakuja kupiga muvi Mikumi. Safari hii siyo geti, mama. Siyo mlevi. Ni baba mwenye nyumba. Mwanawe kafungwa kwa kosa la mwenzake, na yeye kila jioni anarudi kutoka kazini, anakaa mlangoni na sahani ya mtoto wake. Yumo mwanzo mpaka mwisho." Alikuwa anaongea haraka, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda mtoni. "Waliponisomea, nikasema huyu anayerudi nyumbani namjua. Huyu ni mume wako."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mchele.

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Umemaliza, Mzee Chanzi."

"Nitamweka vizuri. Mtu wa heshima, siyo wa kuchekwa. Watamwona mpaka Mwanza."

"Ndiyo maana nakwambia hapana."

"Lakini siku ya msiba nilimtoa hapa hapa, mbele yako."

"Siku ya msiba ilikuwa haki yako, sikukuzuia. Utani unaishia makaburini."

"Wenzako wote wamenikubalia."

"Wenzangu siyo mimi."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama, mwache! Mwache amtoe!"

"Wewe nyamaza. Nenda kachote maji."

"Ndoo zimejaa!"

"Zimwage ukachote!"

Mzee Chanzi akasimama. Aliangalia kona ya nyumba, ile ya kukohoa, kisha akamwangalia mama. "Nimesikia. Sitamgusa." Akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye wembamba wa njia, na jambo la ajabu ni kwamba hakuwa na mwendo wowote. Alitembea kama mtu yeyote.

Nilimchukia mama yangu. Nasema neno lenyewe kwa sababu lilikuwa ndilo. Kichwani mwangu baba alikuwa amefika zamu yake, amevaa, amesimama mlangoni mwa yule mzee, na mama amekwenda kumfungia kwa nje. Nilikaa siku nyingi simjibu isipokuwa ndiyo na hapana. Shule zilipofungwa akachoka na uso wangu, akanipeleka Mikumi kwa mama mdogo.

Na mama mdogo alikuwa anapika kwenye gesti walikofikia watu wa muvi. Sikupanga, nilijikuta tu. Walikuwa wamekodi nyumba ya jirani yenye uzio wa michongoma, wanapiga humo. Nyani walikaa juu ya tenki la maji wanaangalia, na kila mara mmoja alishuka kuiba ndizi za mezani ikabidi waanze upya. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye kaptula na miwani ya jua, anamwita kila mzee "mzee wangu" na kila mtu mwingine "we".

Mzee Chanzi alipewa koti jipya jipya, limeandikwa bei ndani. Kazi yake asubuhi ile ilikuwa moja tu: kutoka nyuma ya nyumba, kuvuka ua, kukaa mlangoni. Anarudi kutoka kazini. Nilisimama dirishani jikoni, kijiko cha mama mdogo mkononi, nikaona yote.

"Aksheni!"

Akatoka, ameinua kidevu, anaangalia kando kando. Nikamjua mara moja. Karani.

"Kata! Mzee wangu, huyu anarudi nyumbani au anakwenda kukagua ofisi?"

Akarudi. Akatoka mwalimu.

"Kata! Huyu anataka kuchapa mtu. Laini, mzee, laini. Umechoka, una majonzi."

Akarudi nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu mpaka mtu wa kamera akapiga mwayo. Akatoka. Safari hii sikumjua, kwa sababu hakuwa mtu. Mikono ilining'inia. Miguu ilikuwa inafuatana tu. Alifika mlangoni akakaa kama mzigo ulioshushwa.

"Kata, kata. Mzee wangu, mbona sasa hivi hayupo mtu hapo?"

"Yupo mmoja. Nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

"Mwenye naye."

Vijana wakacheka. Mwongozaji akavua miwani, akajifuta jasho. "Mzee wangu, mimi sihitaji mtu maalumu. Nipe baba tu. Baba."

"Baba yupi?"

"Baba tu!"

"Baba tu simjui," Mzee Chanzi akasema.

Wakacheka tena, na mmoja akairudia kwa sauti ya kukwaruza, "Baba tu simjui!" Lakini mwongozaji hakucheka. Alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba watapiga vipande vingine leo, wampe muda, na kama kesho asubuhi bado hapati, kuna kaka mmoja kutoka Dar atapanda basi. Mzee Chanzi akaitikia kwa kichwa. Nikaona anatafuta mfuko wa kuweka mikono yake, koti jipya mifuko yake imeshonwa.

Mchana ule, wote walipokwenda kupiga barabarani, nilimkuta nyuma ya jiko kwenye sakafu ya kufulia nguo. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. We Mnyamwezi umefuata ubwabwa mpaka huku?"

"Babu, mtoe baba. Mama hayupo."

Akatoa ugoro, akausugua kiganjani. "Mama yako alikataa, ulisikia."

"Mimi nimekubali. Na mimi ni wake."

Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi maneno yale yalivyomwingia. Aliacha kusugua ugoro. Akaangalia upande wa ile nyumba yenye michongoma, akaangalia barabarani, akaniangalia mimi. Nafikiri alikuwa anapima, na alikuwa anataka sana iwe hivyo. Maisha yake yote alifungua mageti ya watu, na sasa kulikuwa na nyumba inamsubiri, na funguo anayo mtoto mwenye kijiko cha mti mkononi.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Wewe ni damu. Wewe unaweza kuruhusu. Lakini mwenye mtu lazima aninyooshe nikikosea. Utaninyoosha?"

"Ndiyo."

"Unamkumbuka vizuri?"

"Ndiyo!"

Akasimama. Alikwenda nyuma ya tenki, na mimi nikashika sketi yangu kwa mikono miwili. Nikasikia kikohozi, mara mbili. Akatoka. Fupi, fupi, ndefu. Akafika mbele yangu, akapandisha suruali. "Haya, wenyewe mpo?"

Nilikuwa nasubiri moyo uruke kama siku ile. Haukuruka. Nilimwona mzee mwenye koti lenye bei ndani, masikio makubwa, anatembea kwa namna fulani. Nikaharakisha kumtafuta baba kichwani ili nimlinganishe, na kila nilipomshika alikuwa ana masikio makubwa. Ana harufu ya ugoro. Amesimama katikati ya masufuria ya msiba na watu wanacheka. Nikarudi nyuma zaidi, kabla ya msiba, kabla ya kuugua. Kulikuwa na koti. Ndani ya koti sikuona kitu.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

Alinitazama. "Ngoja," akasema. Akarudi nyuma ya tenki. Safari hii kikohozi kilikuwa kimoja, kizito, cha kifuani. Akatoka polepole, bega moja limeshuka, anaburuza kisigino. "Au huyu?"

Nilijua ni mtego. Nilijua na bado sikujua jibu. Labda jioni baba alichoka. Labda kisigino kilikuwa kinamuuma. Sikuwa na kitu chochote cha kumnyooshea.

"Ndiye huyo," nikasema.

"Yupi sasa, mwanangu?"

"Wote."

Mzee Chanzi akarudi kukaa juu ya ndoo. Hakunikasirikia, na ningependa angenikasirikia. "Huyu wa pili fundi cherehani wa Malolo," akasema. "Na baba yako hawakuwahi hata kuonana."

Nikaanza kulia. Akanipa kitambaa kinachonuka ugoro, nikakikataa, akakishika tu mkononi.

"Nikimchukua kwa ruhusa yako nitakuwa nimekuibia mtu, na wewe hutajua hata kama umeibiwa. Nenda kale."

"Wewe unamkumbuka?"

Alifikiri. "Vipande," akasema.

Kesho yake yule kaka wa Dar akashuka kwenye basi, mtanashati, amepakwa mvi za unga kwenye ndevu. Alivuka ua mara ya kwanza tu wakasema safi. Mzee Chanzi wakampa geti. Baada ya hapo sikusikia tena kwamba wamemwita. Watu walisema amezeeka, amekuwa mbishi, anataka kuombwa. Alirudi kwenye misiba, na misiba nayo ikaanza kuwa na maspika na ratiba, watani wanapewa dakika tano. Alipofariki, mimi nilikuwa bwenini, kidato cha tatu. Niliambiwa Wanyamwezi walikwenda kutania kama inavyotakiwa, wakavaa shati lake, wakasimama, na hakuna aliyejua atembee vipi.

Lakini ninachotaka kukimalizia ni alasiri niliyorudi nyumbani kutoka Mikumi. Mama alinipokea begi, akaniuliza kama nimeshiba kwa mama mdogo. Sikujibu. Nikamuuliza, "Mama, baba alikuwa anatembeaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Sijui. Simwoni."

Nilidhani atanifokea. Akakaa kwenye kizingiti, akanivuta nikae naye.

"Na mimi simwoni," akasema. "Tangu siku ile ya msiba, nikifumba macho anayekuja ni Chanzi. Anakohoa, ana koti, anauliza wenyewe mpo. Nikaogopa. Nikasema akienda na kwenye muvi, nikawa namwona kila mwezi bandani na watu wanapiga makofi, kile kidogo nilichobakiwa nacho kitakwenda naye."

"Umebakiwa na nini?"

"Kuna kitu alikuwa anafanya akishaingia ndani. Akishafunga mlango. Chanzi hajawahi kukiona, hakuna aliyekiona."

"Nionyeshe."

Jua lilikuwa bado kali nje. Mama akasimama, akafunga mlango, chumba kikawa na giza la mchana. Ni kitu kidogo na sitakiandika hapa, kinahusu viatu na ukuta. Akakaa kitandani upande wa baba. Akainama, akaanza kukifanya, akasita. Akatikisa kichwa. Akaanza tena kwa mkono mwingine, akasita pale pale.

"Hapana, siyo hivyo," akasema. "Ngoja. Alikuwa anaanza na… Ngoja kidogo, Kabula. Ngoja."